Sanduku la Mawe Kutoka Omate

Mimi ni mwalimu wa shule ya misioni katika vilima vya Masisi. Kiangazi kimoja cha miaka ya hamsini niliondoka kwetu kwenda Walikale kwa sababu mbili. Moja niliitangaza kwa kila aliyeniuliza: Padri alinituma kukusanya mawe ya watu wa kale. Ya pili tuliijua watu watatu tu, mimi, mama yangu na Feliza, mke wa kaka yangu Gaspari.

Nianze na mawe. Padri wetu alikuwa mzee wa Kibelgiji mwenye ugonjwa wa mawe, kama wengine walivyo na ugonjwa wa pombe. Mtu akilima shamba na kuokota jiwe lililochongwa makali, alimpelekea Padri akapewa chumvi. Kidogo kidogo akaniambukiza na mimi. Aliniambia kwamba kabla ya chuma kujulikana, watu waliishi papa hapa kwetu, wakachonga mawe, wakapika, wakazaa, na sasa hakuna kingine kinachowashuhudia. Kitabu cha shule nilichokuwa nikifundishia kilisema historia yetu ilianza siku mzungu wa kwanza alipopiga hema. Basi nikaanza kutembea nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano, na watoto wa shule wakanicheka vizuri sana.

Sasa sababu ya pili. Gaspari, kaka yangu mkubwa, alikuwa ameandikishwa mkataba na kompani iliyochimba dhahabu upande wa Omate. Mwaka uliofuata ikaletwa habari kwa chifu kwamba ametoroka kazi. Polisi wa chifu wakaja kumtafuta. Walipekua hadi ghala la maharage, wakamwaga mbegu za Feliza chini, wakamtukana mama yangu kwamba amezaa mtoro. Walirudi tena na tena. Gaspari hakuonekana, wala hakutuma hata salamu, yeye ambaye hakuwa na tabia ya kunyamaza.

Kwetu hakuna anayemlilia mtu aliye hai. Kumlilia ni kumuua. Mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, tunakata mgomba, tunaufunga katika mkeka na kuuzika mahali pake, na matanga yanakwisha. Lakini lazima awepo mtu aliyeona kwa macho yake, aje aseme: nilimwona, amekufa. Hatukuwa na mtu huyo. Feliza hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Mama aliacha kula vizuri, akakauka.

"Kama njo amekufa, nilie," aliniambia. "Kama iko muzima, nimutukane siku atarudi. Lakini kukaa hivi katikati, mi nimechoka, mutoto wangu. Wewe Padiri anakupendaka. Muombe akutume kule."

Maandalizi yalichukua majuma kadhaa. Jumapili baada ya misa tulitandaza ramani juu ya meza ya darasa, na Padri akaichora njia kwa penseli: Masisi, Nyabiondo, kushuka hadi Mpofi, Walikale, kisha kwa miguu hadi Omate. Alinieleza kwamba mahali pazuri pa kutafuta mawe ya kale ni kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji huondoa udongo wa juu, hufikia changarawe ya chini, na kuiosha kwa maji katika mifereji ya mbao. Dhahabu hubaki chini, na mawe yaliyochongwa hutoka pamoja na takataka. Alikuwa amekwisha kuandikiana na mkubwa wa machimbo, na wale wa kuosha walikuwa wameamriwa kuweka kando katika sanduku kila kitu cha watu wa kale. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kwenda, kuchagua, kuandika kila jiwe limetoka wapi, na kurudi.

Tuliamua kwenda kiangazi, maana wakati wa mvua lori huweza kulala topeni juma zima. Niliombewa karatasi ya njia kwa mtawala, kwa kuwa mtu mweusi hakuruhusiwa kutoka katika teritwari yake bila hiyo, yaani wilaya aliyoandikishwa. Nilifunga chumvi na sabuni za kuwapa wenyeji, unga wa mahindi, maharage, kinini ya malaria, magazeti ya zamani ya kufungia mawe, na brashi ndogo.

"Na nikikuta mifupa?" nilimwuliza.

Padri aliweka penseli chini. "Mifupa ni adimu, Mwalimu. Ukiipata, ina thamani kuliko mawe yote. Ishike kwa mikono miwili. Ilaze katika nyasi kavu. Asiioshe mtu." Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kuinua hostia wakati wa misa. Sikuipenda sauti ile, na sikujua kwa nini.

Masisi, asubuhi. Nilipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka maharage na viazi Walikale. Dereva wake, Papa Amisi, alikuwa Mwislamu wa upande wa Kirundu, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alipoambiwa ninakwenda kutafuta mawe aliangalia vilima vyetu, halafu akaniangalia mimi.

"Mwalimu, mawe ya kwenu imeisha?"

"Natafuta ya zamani, Papa."

"Yote njo ya zamani! Mi sijaonaka jiwe ya kuzaliwa jana."

Abiria wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Nyuma, juu ya magunia, walikaa vijana wa mkataba waliokuwa wakipelekwa machimboni. Waliimba tangu Masisi, wakaimba kupita Nyabiondo, wakapungia mikono wanawake waliokuwa wakilima kandokando ya barabara. Barabara yenyewe tuliichimba sisi kwa jembe, kila kilima na kipande chake, na asiyekwenda alichapwa. Nilikipita kipande cha kilima chetu na sikujisikia fahari yoyote.

Baada ya Nyabiondo nchi inashuka. Baridi inakuacha, hewa inakuwa nzito, vilima vinajaa miti, na baadaye huoni vilima tena. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka wote ili lori livuke likiwa jepesi, nasi tukalifuata kwa miguu huku Papa Amisi akimwita Mungu kwa sauti. Msitu ulipotufunika, vijana wale waliacha kuimba. Hakuna aliyewanyamazisha. Niliwatazama mmoja mmoja, nikamwaza Gaspari amekaa juu ya magunia kama hayo.

Mpofi, jioni. Lori lilisimama hapo lipoe, na mimi nikapokelewa na Papa Elia na Mama Ester, wakulima wa msituni na watu wa kanisa, ambao Padri alifahamiana nao. Mama Ester alituandalia mihogo, sombe ya majani yake yaliyotwangwa, na nyama ya nungu. Nilipoeleza kazi yangu, Papa Elia alinyoosha mkono hadi kwenye majani ya dari, akatoa shoka la jiwe, jeusi, laini, zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Nilitamani liwe langu.

"Hii ilianguka na radi," alisema. "Radi ikipiga, inaacha jino yake mu udongo. Baba yangu alichimba, akapata. Tangu iko hapa juu, radi haijarudia hii nyumba."

Mama Ester aliinamisha macho kidogo, maana walikuwa watu wa kanisa. Mimi ningeweza kumweleza habari za watu wa kale, lakini nilikuwa ninakula chakula chake chini ya dari yake. Nililisifu jiwe, nikamrudishia.

Papa Elia hakuwa mjinga. Alikuwa ameniona nikikaa kimya kila machimbo yalipotajwa. "Mwalimu, ni mawe tu njo unafuata?"

Nikamwambia habari za Gaspari. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote njiani.

"Kule ofisi usiulize sana," alisema. "Bale ba ofisi beko na jibu moja. Ulizia kwa bale banaosha changarawe. Beko banaona kila kitu chenye kinatoka mu udongo."

Walikale tulifika kesho yake, nikaagana na Papa Amisi kwamba atanichukua akirudi. Kutoka hapo nilitembea msituni pamoja na wabeba mizigo wa kompani, tukivuka vijito na kupanda mizizi, miguu yangu ikiwa imeoza kwa maji. Sina la kusifu katika safari hiyo. Tulilala kambini njiani, tukaondoka alfajiri.

Omate, saa sita mchana. Usifikiri mgodi wa shimo refu. Ni bonde lililochubuliwa ngozi. Miti imekatwa, kijito kimegeuzwa njia, na kuta za udongo mwekundu zimesimama juu ya vichwa vya watu wanaozichimba kwa chini. Mtoto anayecheza na mchanga anajua ukuta wa namna hiyo hufanya nini mwishowe. Vijana niliosafiri nao walikuwa wamekwisha kupewa sepetu.

Sikuufuata ushauri wa Papa Elia. Nilikwenda ofisini, nikamtaja Gaspari. Karani, Mkongomani kama mimi, na viatu vyake vimepakwa rangi vizuri, hakuhitaji hata kufungua kitabu. "Alitoroka. Banatorokaka bengi." Akaongeza kwa adabu kwamba ndugu za watoro hawapendezi sana hapo, na kama nimekuja kwa ajili ya mawe ya Padri, basi niende kwenye mawe. Nilitoka nje nikiwa na hasira hata nikasahau kofia.

Kwenye mifereji, mkubwa wa waosha changarawe alikuwa Papa Bitasimwa, mtu wa Walikale, mwembamba, mwenye mikono iliyopauka kwa maji. Sanduku lilikuwa tayari, na kifuniko kimefungwa kwa kamba ya mti. Sikuwa nimesema jina langu bado. Alinitazama usoni kwa muda mrefu.

"We ni ndugu ya Gaspari," alisema. "Sura ni moja."

Akaniashiria nikae karibu na mfereji, pale ambapo maji hupiga kelele na mtu wa pembeni hasikii.

"Ukuta ilimwangukia," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha. Siye tulichimba na mikono. Mukubwa wa kazi alitufukuza pale, akasema kazi ihamie upande ingine. Halafu tukasikia beko banasema Gaspari ametoroka. Tukanyamaza. Mwaka huu banatuambia turudi pale pale, ile changarawe iko mingi. Tulijua njo tutamukuta."

"Mlimkuta?"

"Tulimukuta. Tukaomba tumuzike. Mukubwa akauliza, muzike nani? Hapa hakuna muntu alikufa. Mutupe ile takataka mu maji." Alitema mate kando. "Kama hakuna mufu, hakuna kaburi. Lakini kuko amri ingine. Vitu ya bantu ba zamani, hapana kutupa, ni vya Padiri. Inaenda na sanduku, na nyasi ya kulalia, mpaka kule kwenu Masisi. Siye tukaangaliana tu. Tukasema, basi, tumufanye muntu wa zamani."

Nilifungua kamba. Juu kulikuwa na mawe, mashoka madogo, vipande vilivyochongwa, mawe ya mviringo yenye tundu katikati, hazina ambayo Padri angeipigia magoti. Chini yake, nyasi kavu. Niliingiza mkono. Gaspari alipokuwa mdogo alianguka mwambani akichunga mbuzi, akavunjika mkono wa kushoto, mjomba akamfunga kwa vipande vya mianzi, lakini mfupa uliungana vibaya, ukaacha fundo. Tulizoea kumtania kwamba ana kiwiko cha ziada. Vidole vyangu vilifika kwenye fundo lile, vikaganda hapo.

Sikulia. Ningelia, wangeniona. Nilimshika Papa Bitasimwa mkono ule uliopauka, naye akaurudisha upesi kwenye changarawe, maana msimamizi alikuwa akija. Nilimwachia chumvi yote na sabuni zote, agawane na wenzake.

Kizuizi cha njiani. Kila anayetoka Omate hupekuliwa kwa ajili ya dhahabu. Askari walikuwa na fimbo ya chuma ya kuchomea mizigo. Nilikuwa nimewaza njia nzima nitasema nini. Askari mmoja alimwaga mawe juu ya ubao, akayagonga moja moja, akachoka. Kisha akatumbukiza mkono katika nyasi, akautoa kama aliyeshika nyoka.

"Ni nini hii?"

"Watu wa kale," nilisema. "Mali ya Padri."

Alijifuta mkono kwenye kaptula, akajifuta tena. "Funga. Funga upesi, uende."

Nikafunga. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikaona aibu kali, maana nilikuwa nimemkana ndugu yangu mbele ya watu ili nimtoe. Nilimwomba radhi kwa sauti ya chini, njia nzima hadi Walikale, nimembeba kichwani.

Walikale hadi Masisi. Papa Amisi alikuwa akinisubiri. "Eh, Mwalimu, umepata mawe yako?" Nilitaka kujibu kama mtu wa kawaida, nikashindwa, nikamweleza yote tukiwa tumesimama kando ya gurudumu. Akasoma maneno ya dini yake, akalichukua sanduku mikononi mwangu, akaliweka mbele, kwenye kiti cha pembeni yake ambapo hukaa tajiri mwenye lori. "Sisi tutakaa nyuma?" aliuliza abiria mmoja aliyekuwa amelipia kiti kile. Papa Amisi aliwasha lori. Kwa mara ya kwanza alipita kila shimo polepole, na hakutania mtu hadi tukafika.

Nyumbani, mchana. Nilishuka chini ya kilima chetu, sikwenda misioni kwanza. Mama alikuwa akipukuchua maharage pamoja na Feliza. Aliona namna nilivyolibeba sanduku, akainuka, akanawa mikono, akatandika mkeka mpya. Nilisema kama inavyotakiwa: "Mama, nimeona kwa macho yangu. Gaspari amekufa."

Hakupiga kelele. Alitoa mawe, akayaweka kando bila kuyatazama, kisha akaanza kuitoa mifupa na kuilaza mahali pake, kichwa juu, miguu chini, kwa utaratibu kama mtu anayechambua mbegu. Alipofika kwenye mkono wenye fundo aliuweka shavuni. Ndipo akalia. Kilima kizima kilisikia, na Feliza akaanguka kando yake, na wanawake wakaja wakikimbia kutoka mashambani na majembe yao. Kilio kile kilikuwa kimengoja muda mrefu mno. Nililia hadi nikatapika.

Baada ya kilio, mama alirudi kumalizia kazi yake. Nilimwona amesita. Alikuwa ameshika mfupa mwingine wa mkono, wa kushoto tena, umenyooka, mwembamba zaidi.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Papa Bitasimwa na wenzake walikuwa wameokota haraka, maji yamewafika magotini, kila kitu kilichokuwa mahali pale. Nikasema labda ni mchimbaji mwingine, mtoro mwingine wa ofisi ile. Au labda ni mtu wa kale kweli, mmoja wa wale waliochonga mawe haya, aliyekuwa amelala katika changarawe ile kabla ya sisi sote. Mifupa yote ilikuwa imepata rangi moja ya udongo. Hakuna wa kuniambia.

"Mama yake anajua?"

"Hapana, mama."

"Basi bachimbe kaburi mbili."

Mjomba alikataa. Mgeni hazikwi katika shamba la ndizi la ukoo, alisema. Hatujui kabila lake, hatujui alikufa na hasira gani, ataleta ugonjwa. Wazee wengine waliitikia kwa vichwa. Alikuwa na haki, hiyo ndiyo desturi yetu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Alilala na mutoto wangu mu udongo ile," alisema, "na alimusindikiza mpaka hapa. Nimufukuze?" Halafu akaanza kugawa mifupa, huyu hiki, yule kile. Mingine aliitambua kwa unene, lakini mbavu aligawa kwa kukisia. Na alipomaliza, akamlilia na yule wa pili, peke yake kwanza, kisha wanawake wengine wakamfuata, hata wale waliokuwa wameogopa.

Padri alikuja baada ya mazishi. Nilikuwa nimempelekea mawe yake na kumweleza kila kitu. Alivua kofia, akasali juu ya kaburi la Gaspari, na najua alisali kwa moyo. Aliandika kwa serikali pia. Jibu lilikuja kwamba mtu huyo alitoroka kazi. Hata leo, kwa serikali, kaka yangu ni mtoro. Lakini Feliza alinyolewa, akatoka matangani, na hakuna polisi aliyemwaga tena mbegu zake.

Siku hiyo Padri alibaki amesimama kwenye kaburi la pili. Akaniomba nimwambie mama, kwa upole, kwamba mtu huyu huenda ni wa zamani sana, wa zamani kuliko Kristo, na kwamba wenye elimu wangejifunza mengi kama angekubali afukuliwe. Niliona jinsi alivyotamani, nami niliijua tamaa ile. Nilimwambia mama kama nilivyoambiwa.

"Mwambie Padiri," alisema, "muntu wa zamani njo ule hana wa kumulilia. Huyu mi nilimulilia."

Padri alikuwa anajua Kiswahili chetu vizuri, sikuhitaji kurudia. Alivaa kofia yake, akashuka kilima, na hakuliuliza tena jambo hilo.

Bado nafundisha. Mawe ya Omate yamo katika kabati la darasa, yale ambayo hayakupelekwa Ulaya, na kila mwaka mtoto fulani huuliza watu wale walikwenda wapi. Zamani ningejibu kwamba hatujui. Sasa nawatoa nje, nawaonyesha ng'ambo ya bonde shamba letu la ndizi, nawaambia pengine mmoja wao yuko pale, na mwingine ni kaka yangu. Siku nyingi mama huonekana pale na kijembe chake. Hupalilia makaburi yote mawili, na huanza na lile la mgeni, kwa sababu, anasema, wetu iko na watu wengi.